Safu ya Aliyelipwa

Ukuta ule niliuomba mwenyewe. Sikutumwa na mtu, sikuwa nimelewa, wala hakuna aliyenishika mkono kuniinua kitini. Mkutano wa wazazi ulikuwa umefika pale ambapo kila mmoja anaangalia saa, nikasimama mimi, mchora mabango, ambaye mtaa mzima unaniita Brashi. Nikasema, kwa sauti ya kutosha uwanja wa mpira, kwamba shule yetu imeliwa, inaliwa, na itaendelea kuliwa mpaka siku hesabu zake zitakapowekwa mahali ambapo hata mpita njia atazisoma.

"Tusisomewe haraka haraka mkutanoni!" nikasema. "Tuandikiwe! Kimeingia nini, kimetoka nini, na kimekwenda kwa nani! Jina kwa jina!"

Wakapiga makofi. Mimi ni mtu ninayependa makofi, siwezi kuficha, lakini siku hiyo makofi hayakuwa kitu mbele ya alichofanya mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni fundi cherehani, na ni mjumbe wa kamati ya shule. Katika miaka kumi na moja tangu nimwoe binti yake hajanitukana hata mara moja, na ningefurahi kama angenitukana, maana anayekutukana amekuhesabu. Yeye alikuwa ananisalimu, ananiuliza kazi inaendaje, halafu anageukia mtu mwingine kabla sijamaliza kujibu. Alitaka binti yake aolewe na mwalimu, akaletewa mtu mwenye rangi kwenye kucha. Siku ile ya mkutano aligeuka kwenye kiti chake, miwani inaning'inia kifuani, akawaambia waliokaa nyuma yake, "Huyo ni mkwe wangu." Akarudia, kwa wale ambao hawakusikia vizuri. Nilipoketi, mke wangu alinifinya goti chini ya meza.

Mwalimu mkuu alikuwa mgeni. Alikuwa na miezi minne tu pale, tangu yule wa zamani ahamishwe pamoja na mhasibu wake. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ya kukulazimisha uinamishe kichwa ili umsikie. Alisubiri makofi yaishe, akasema, "Sawa. Ukuta wa barabarani upo, na hesabu za miaka mitatu zipo. Fundi pia tunaye." Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilidhani amevutiwa na ujasiri wangu.

"Na ataifanya bure!" mama mkwe akadakia. "Kwa ajili ya watoto!"

Makofi tena. Mdomo huponza kichwa, hilo nalijua tangu utotoni, ila sikujua kwamba unaweza kukiponza mara mbili ndani ya dakika tano.

Nikaanza Jumatatu, shule ikiwa imefungwa kwa likizo. Nilikwangua rangi ya zamani, nikapiga msasa, nikapaka nyeupe mara mbili. Mistari sikuipiga kwa rula, rula ni ya wanafunzi. Fundi anachukua uzi, anauchovya kwenye unga wa bluu, anaufunga kwenye msumari huku na msumari kule, anauvuta katikati kwa vidole viwili kisha anauachia. Mstari unatoka umenyooka kutoka getini hadi pembeni. Nikagawa safu nne: tarehe, kazi, kiasi, aliyelipwa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa raha tupu. Mwalimu mkuu alinipa karatasi moja tu, nakala ya daftari la malipo, nikawa naandika mstari kwa mstari na watu wanasoma nyuma ya mgongo wangu. Saa nne kila asubuhi mama mkwe alinijia na chupa ya chai na kikombe, jambo ambalo lingenitoa machozi kama nisingekuwa juu ya ngazi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alitoka na mashine yake mkononi, mteja akabaki kitini na kichwa nusu.

"Chaki maboksi mia tatu?" kinyozi akasema. "Kwa walimu kumi na wawili? Hao walikuwa wanafundisha au wanatafuna?"

"Andika, mwanaume, andika!" watu wakasema.

Na mimi nilikuwa na maneno. Kila tarakimu niliyoiandika niliiongezea utani wake, nikamcheka yule mwalimu mkuu wa zamani, nikamcheka mhasibu wake na tumbo lake, nikasema mtu anayekula fedha za watoto anapaswa kuandikwa kwenye paji la uso, si ukutani. Hata fundi bomba alicheka. Huyu ana kiduka cha mabomba na koki, kimepakana na kinyozi. Ni mpole kiasi kwamba akikudai ndiye anayeomba radhi.

Jumatano nikamaliza mwaka wa kwanza. Mwalimu mkuu akanipa karatasi ya pili, akarudi ofisini.

Nilipanda ngazi, nikaibandika karatasi ukutani kwa utepe wa gundi, nikachovya brashi. Mstari wa nne ulisomeka hivi: Tangi la maji lita elfu tano, pamoja na msingi. Milioni moja na laki nne. Brashi Maandishi.

Brashi Maandishi ni duka langu.

Nikasoma tena. Nikashuka na macho. Kukarabati madawati themanini: Brashi Maandishi. Mabati sitini na misumari: Brashi Maandishi. Kupaka rangi madarasa manane, ndani na nje: Brashi Maandishi. Katika yote hayo, kazi niliyoifanya kwa mikono yangu ni darasa moja, lile linaloonekana kutoka getini, na nalo nililipaka upande wa mbele tu.

Niseme ilivyokuwa, ingawa kusema hakunisafishi. Shule hailipi mtu asiye na risiti yenye mhuri, na mafundi wengi wa mtaani kwetu hawana. Mimi nilikuwa nimechapisha vitabu vya risiti na kuchonga mhuri, nikavipanga mbele ya duka kama mtu anavyoweka picha ya harusi. Kuazimana kitabu cha risiti kwetu ni kama kuazimana nyundo. Yule mhasibu alikuwa anakuja, mcheshi, anakaa kwenye kopo la rangi na kusema, "Brashi, niazime kitabu. Kuna fundi katufanyia kazi, hana risiti, nisimcheleweshee maskini hela yake." Nasaini kurasa tupu, nagonga mhuri, anaondoka nacho. Kikirudi kinarudi na bahasha. "Ya soda," anasema. Soda gani hiyo inanunua ngazi ya aluminiamu? Ngazi niliyosimama juu yake asubuhi ile ilitoka kwenye bahasha hizo.

Sitasema sikujua. Nakala za kaboni zilibaki ndani ya kitabu, tangi na mabati na madawati, na katika miaka yote hiyo sikufunua ukurasa hata mmoja kusoma. Mtu asiye na hatia angefunua. Na mwanangu wa kwanza anakwenda shule kila asubuhi na dumu la lita tano mkononi kwa sababu shule haina maji, na mimi ndiye ninayemjazia.

Nikashuka nikaenda ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa anatoboa karatasi na kuzipanga kwenye faili, hakuinua kichwa.

"Mwalimu," nikasema, "naona ukuta ni mfupi. Ile safu ya nne tungeiacha. Tuandike kazi na kiasi tu, inatosha."

"Wewe ndiye uliyesema jina kwa jina."

"Nilisema, lakini..."

"Fundi, jina lako nililiona kabla ya mkutano." Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo. "Nilikuwa nafikiria nikuiteje ofisini. Halafu ukasimama ukaomba ukuta. Nikajua kwamba umeamua kusema, na hiyo ndiyo njia uliyoichagua. Nilikuheshimu sana siku ile."

Angenipiga kofi ningeshukuru. Nilisimama pale nikiangalia viatu vyangu, nikaona jinsi nilivyokuwa mkutanoni, kifua mbele, nikijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe na kusifia harufu.

"Hela nitarudisha," nikasema.

"Hilo ni la wakaguzi, hati wanazo, watakuja. Mimi sikulazimishi. Ukishindwa, nitatafuta mwandishi mwingine."

Mwandishi mwingine! Mtaa mzima ungeuliza kwa nini. Nikamwambia nitamaliza mwenyewe, nikarudi kwenye ngazi, nikafanya kitu cha kijinga kuliko vyote. Niliandika tarehe, nikaandika kazi, nikaandika kiasi, na kwenye mistari ile minne safu ya mwisho nikaiacha nyeupe. Karatasi nikaibandua, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nilijiambia nitajaza kesho.

Mama mkwe alipokuja na chai alivaa miwani, akasoma kwa kidole kama anavyofuatisha mshono.

"Tangi?" akasema. "Tangi gani? Hii shule ina tangi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aliyelipwa mbona hayupo?"

"Karatasi imefifia, mama. Hapasomeki vizuri."

Nilimdanganya mama mkwe wangu nikiwa nimeshika kikombe cha chai aliyonimiminia. Hata leo nikikumbuka, chai hainipiti vizuri.

"Pamefifia penye tangi tu," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ni mtu wa hapa hapa." Akageuka, akaangalia barabara, duka baada ya duka. "Nani mtaani anahusika na maji?"

Sikuona hatari mpaka kinyozi alipofungua mdomo. Alikumbuka, eti, mwaka juzi alimwona fundi bomba anaingia getini na futi ya kupimia. Ni kweli aliingia. Yule mhasibu alimwita apime mahali pa kuweka tangi, akapima, hakuitwa tena. Lakini kinyozi alikumbuka futi tu. Mwingine akakumbuka kwamba mwaka huo huo fundi bomba alipaka duka lake. Nililipaka mimi, kwa mkopo, na bado hajanimalizia. Sikusema. Wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, wakavuka barabara.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mbele. Kutoka juu ya ngazi nilisikia kila neno.

"Watoto wanabeba madumu, na wewe umekaa hapa unauza koki!"

"Mama, mimi nilipima tu," fundi bomba akasema. "Nilipima, nikaambiwa nitaitwa."

"Mbona jina limefutika? Nani alilifuta?"

"Sijui, mama. Naapa sijui."

Mke wake alikuwa amemletea chakula. Alisimama mlangoni na bakuli mikononi, watu wakimwita mumewe mwizi mbele yake. Fundi bomba akaangalia ng'ambo, akaniangalia mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Nikachovya brashi kwenye kopo ingawa ilikuwa imejaa rangi tayari.

Kesho yake mtu alikuwa ameandika TANGI kwa mkaa kwenye mlango wa duka lake. Mwandiko mbaya, herufi zinapishana, na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ubaya wa herufi. Siku tatu zile hakuuza hata mpira wa koki. Jumamosi tukila, mke wangu akasema wanawake walisogeza ndoo zao bombani mke wa fundi bomba alipofika, wakamwachia nafasi kubwa kama mgonjwa wa kuambukiza.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilimnyamazia tu. Ningefanyaje? Mama alikuwepo." Akanitazama. "Mbona huli, baba watoto?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hata hujaanza."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Tulikuwa wawili tu, mchana kweupe, na ni mke wangu. Nikasema nina joto kidogo, nikaenda kulala kama mtoto anayekimbia hesabu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta fundi bomba ananisubiri ukutani. Alikuwa amevaa shati la kutokea, limepigwa pasi, kana kwamba amekuja ofisini kwa mtu.

"Kaka," akasema, "naomba unisaidie kitu. Wewe ndiye mwenye karatasi."

"Enhe."

"Najua pamefifia. Lakini wewe macho yako yamezoea maandishi. Hebu jaribu tena. Ukiona hata herufi mbili, ziandike. Mimi sitaki kumjua huyo mtu, sina ugomvi naye. Nataka tu watu waone siyo mimi." Akashusha sauti. "Wanangu hawatoki nje, kaka. Wakicheza wanaambiwa baba yao kanywa tangi."

Alisema hivyo kisha akacheka kidogo, kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyekosa kwa kunisumbua. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu ameonewa, ananiomba mimi msaada, tena ananiomba kwa adabu.

"Nitaandika," nikamwambia.

"Utajaribu?"

"Nitaandika. Usiondoke."

Nikapanda. Nikapangusa brashi kwenye ukingo wa kopo, maana hata katika hali ile sikutaka kuandika herufi mbovu. Saa nne ilikuwa inakaribia, watu wameanza kukusanyika kama kawaida, kinyozi katoka, mama mkwe anakuja na chupa yake. Mbele ya tangi, kwenye safu ya aliyelipwa, nikaandika kwa rangi nyeusi: Brashi Maandishi.

Nilifunga macho nikisubiri kelele. Nikasikia kicheko.

"Huyu naye!" kinyozi akapasuka. "Kazi haijaisha, keshaweka tangazo! Brashi hawezi, jamani, hawezi!"

"Na namba ya simu je?" mwingine akauliza. Wote wakaangua kicheko. Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Sisi waandishi wa mabango tuna tabia yetu: hakuna bango tunaloliacha bila jina na namba pembeni, na mimi katika hilo nimezidi wote, nimeweka jina langu hadi kwenye bango la makaburi. Walidhani ninasaini kazi yangu.

"Mwacheni," mama mkwe akasema, naye akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka kwa sababu yangu. "Kafanya kazi bure, ana haki ya jina lake. Ila lisogeze chini, mwanangu, pale pembeni. Hapo watu watachanganya mambo."

Mwanangu. Miaka kumi na moja.

Nikahamisha ngazi, nikaandika mbele ya madawati: Brashi Maandishi. Nikaandika mbele ya mabati. Nikaandika mbele ya rangi ya madarasa. Nilitegemea ukuta uniseme, mimi nibaki na kazi ya kuinamisha kichwa tu. Lakini wao walicheka mstari wa pili, wakacheka wa tatu, na kufikia wa nne walikuwa wanapigana viganja. Ndiyo malipo ya mtu aliyefanya utani maisha yake yote. Ningeweza kushuka, nikacheka nao, nikafuta rangi kwa kitambaa chenye thina, na hakuna ambaye angejua kwa siku nyingine moja au mbili. Nawaambia ukweli, mkono ulikwenda mfukoni kukishika kitambaa.

Fundi bomba ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliangalia mistari ile minne, akaniangalia mimi. Angeweza kupiga kelele, ilikuwa haki yake, lakini alinisubiri.

Nikashuka. Ngazi ilikuwa na vidato tisa.

"Siyo tangazo, mama," nikasema.

"Siyo nini?"

"Hilo jina siyo tangazo. Hiyo ni safu ya aliyelipwa."

"Ndiyo, ndiyo maana nikasema ulisogeze."

"Liko mahali pake. Risiti za tangi zilikuwa zangu, na mhuri ulikuwa wangu, na saini. Za madawati pia, na za mabati. Nililipwa. Kazi hazikufanyika."

"Acha utani, Brashi," kinyozi akasema, lakini mashine yake alikuwa ameizima.

Nikatoa karatasi mfukoni, nikaikunjua, nikampa mama mkwe. Ilikuwa safi, haijafifia popote. Akavaa miwani. Akaisoma kwa kidole hadi chini, kisha akaenda ukutani akagusa jina langu penye tangi, rangi ikamshika, akaiangalia ncha ya kidole chake. Nilisikia mteja wa kinyozi akijikuna kichwa.

"Nimemtukana mtu mzima mbele ya mkewe," akasema. Hakuwa anasema na mimi. Akamgeukia fundi bomba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, rangi ikampaka na yeye. "Nisamehe, baba."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza."

Ndipo akanigeukia. Nilisubiri matusi, nilikuwa nayahitaji. Alizungumza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa alicholeta hakitoshi.

"Hapa barabarani nilipiga kelele mimi, na nitajua nitakavyozifuta. Lakini mke wake katengwa bombani, na watoto wake wamefungiwa ndani, na wewe uko juu ya ngazi unakunywa chai yangu. Huko kwao utakwenda wewe. Sasa hivi. Usinawe mikono."

Akachukua chupa yake na kikombe, akaondoka. Hakuniita mwanangu wala mkwe wala Brashi.

Fundi bomba alitangulia, mimi nyuma. Kwake ni vyumba viwili vyenye uwanja mdogo wa saruji, kamba ya nguo imekatiza katikati. Mkewe alikuwa anaanika. Alipomwona mumewe amekuja na mimi alidhani nimekuja na habari njema, kwa sababu alifuta mikono upesi, akaniletea stuli.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nguo mbichi zinanigusa bega. Nilisema tangi lilipitia kwenye risiti zangu, jina la mumewe halimo popote, na kwamba nililijua hilo tangu Jumatano iliyopita nikanyamaza. Nilisema mengi. Nilisema mhasibu alikuwa anaazima kitabu, nilisema nilisaini bila kusoma, nilisema fedha zilizonifikia zilikuwa kidogo. Nilijisikia nikisema hayo, na nilijua kila neno linanisogeza hatua moja mbali na tangi.

Alinisikiliza mpaka mwisho na kibanio cha nguo mkononi.

"Mimi nimeelewa," akasema. "Lakini siyo mimi niliyeambiwa mtaani kwamba baba yangu mwizi." Akafungua mlango, akaita ndani. Wakatoka watoto watatu, wa kwanza msichana wa kama miaka kumi, wa mwisho bado anashika gauni la dada yake. "Huyu fundi ana neno la kuwaambia. Msikilizeni."

Nikajikohoza. Nikawaambia baba yao hakuhusika na hesabu zile.

Msichana alinitazama usoni. "Baba hakula hela ya tangi?"

"Hakula. Hakula hata senti."

"Sasa nani alikula?"

Neno hilo, kula, nilikuwa nimelitumia mkutanoni, na juu ya ngazi, na kwa kinyozi, kila siku, kwa watu wengine. Tangu asubuhi nilikuwa nimesema nililipwa, nilisaini, risiti zilikuwa zangu. Hilo sikuwa nimelisema. Nikaangalia mikono yangu, kisha nikamwangalia yule mtoto kwa sababu alistahili kuangaliwa.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekula."

Mama yao akamwinua yule mdogo, akamweka kiunoni ili uso wake ulingane na wangu.

"Rudia," akasema. "Huyu hakusikia."

Nikarudia.